Wiki ya 37 Haina Mnunuzi

Jeraha bado bichi. Jumamosi iliyopita, kwenye ukumbi mmoja wa harusi mjini Houston, Texas, MC alipoita zawadi za upande wa bwana harusi, mwandishi wa safu hii alifunga kifungo cha koti, akapanda jukwaani akicheza kidogo kidogo kama inavyotakiwa, mkononi bahasha ya kaki iliyofungwa utepe wa dhahabu. Bahasha haikuwa na hela. Ilikuwa na nakala ya hati ya umiliki: wiki moja ya kila mwaka katika hoteli ya mapumziko huko Orlando, Florida. Vyumba viwili, jiko, baraza, bwawa la kuogelea chini ya dirisha. Maharusi wangeimiliki maisha yao yote, wakifa wangeirithi watoto, kisha wajukuu. MC aliyarudia hayo maneno ya wajukuu kwa sauti nzito. DJ akapandisha muziki. Meza ya mbele ikapiga vigelegele.

Ndipo shangazi wa bibi harusi aliponyoosha mkono. Ni muuguzi mstaafu, mama wa heshima zake, mkoba mapajani. Akapelekewa maiki, watu wakidhani anataka kushukuru.

"Mwanangu, hiyo ni taimushea?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile ada ya kila mwaka, analipa nani?"

Ilibidi DJ ashushe muziki, maana swali lilikuwa limeulizwa kwa upole na jibu lilihitaji kusikika. Mwandishi alisema ada hulipwa na mwenye mali, ndiyo taratibu. Shangazi akatikisa kichwa kwa huruma ile inayouma kuliko tusi. "Basi baba, zawadi yako ina bili ndani. Hawa watoto wana mkopo wa chuo na mkopo wa gari. Kaa nayo kwanza." Kicheko kilianzia meza ya wauguzi, kikahamia kwa wanakamati, kikafika meza ya watoto ambao hawakujua wanacheka nini. MC, ambaye hulipwa ili sherehe isikwame, alitangaza kwamba mzigo umerudishwa kwa mtumaji na sasa tunaendelea. Zawadi iliyofuata ilikuwa seti ya sufuria. Ukumbi mzima ulisimama kuzicheza.

Kicheko kingevumilika. Kisichovumilika ni kwamba humo ukumbini hakukuwa na mtu mwenye takwimu za bei ya taimushea za mitumba kumzidi mwandishi, na takwimu zake zote, mstari kwa mstari, zilikuwa upande wa shangazi.

Takwimu hizo zina asili yake. Shemeji yake mwandishi, aliyekuwa akifanya kazi Florida, aliporudi kuishi Tanga aliliingiza jina la mwandishi kwenye hati kando ya lake, akampigia simu kutoka uwanja wa ndege na kumwambia, "Shem, nimekuachia Orlando." Mtu ukiachiwa Orlando unataka kujua ina thamani gani. Hapo ndipo jedwali lilipozaliwa, na tangu hapo limekuwa likikua.

Kwanza, mali yenyewe. Kwenye umiliki wa namna hii chumba kimoja hukatwa vipande 52, kila kipande wiki moja ya mwaka, na kila kipande hupata hati yake na mwenyewe. Wazo lilianza Ulaya: mwaka 1963 kampuni ya Hapimag ya Uswisi ilianza kuwauzia watu hisa zenye haki ya kukaa kwenye nyumba zake za likizo, na hoja yao ilikuwa ya kuheshimika kabisa. Kwa nini mtu anunue nyumba nzima ya ufukweni ilhali atalala humo majuma mawili tu kwa mwaka? Wazo likavuka bahari. Florida ya miaka ya 1970 ilikuwa na maghorofa mengi yaliyokosa wanunuzi, na mtu aliyeshindwa kuuza nyumba kwa mteja mmoja aligundua kwamba anaweza kuiuza kwa wateja 52. Mwaka 1974, huko Indianapolis, Jon na Christel DeHaan walianzisha RCI, kampuni ya kubadilishana wiki, ili mwenye Florida apate kulala Hispania na mwenye Hispania alale Florida. Tangu hapo biashara haikutazama nyuma.

Ila wiki hazilingani. Za 51 na 52 zina Krismasi na mwaka mpya, nazo hugombewa. Za kiangazi zina watoto wasio shule. Wiki ambayo shemeji aliichagua, au aliyochaguliwa, ni ya 37. Hiyo ni katikati ya Septemba: shule zimefunguliwa kote Marekani, joto la Florida bado halijapungua, na tarehe 10 ya mwezi huo ndiyo kilele cha msimu wa vimbunga vya Atlantiki kwa hesabu za wataalamu wa hali ya hewa. Hoteli huwa na nafasi tele. Bwawa la kuogelea unabaki nalo peke yako, wewe na mlinzi anayetazama mawingu.

Sasa bei. Mtu wa kawaida akitaka kujua bei ya wiki iliyotumika atafungua matangazo ya mauzo, aone dola 9,000 hapa na 12,000 pale, afurahi, afunge. Hayo ni maombi ya wenye mali, na baadhi yake yamekaa hapo mpaka picha zake zina televisheni za mgongo mnene. Afadhali mnada wa eBay, ambako ukichuja ubaki na zile zilizouzwa kweli, utaona dola moja. Chini yake dola moja nyingine. Mara chache dola 50, kwa wiki iliyobahatika kuangukia sikukuu. Lakini hata eBay haihifadhi mauzo yake kwa muda mrefu, na mwandishi alitaka mwenendo wa miaka, si wa msimu. Akaupata mahali ambapo hakutarajia: kwenye masijala ya serikali, kwenye pembe ya juu ya karatasi, kwenye stempu.

Hapa msomaji aombwe subira kidogo, maana jambo hili ni tamu.

Florida, ukihamisha ardhi au jengo, hata kama ni moja ya hamsini na mbili ya chumba, hati lazima iandikishwe kwenye kaunti. Orlando iko kaunti ya Orange. Kissimmee, jirani yake, ambako ndiko iliko hasa hoteli ya shemeji ingawa kila mtu huiita Orlando, iko Osceola. Kumbukumbu hizo ziko wazi kwa yeyote: unaandika jina, unaona nani alimwuzia nani, tarehe gani, na picha ya hati yenyewe. Ndani ya hati, kwenye sehemu ya bei, wanasheria wa Kimarekani wana desturi ya kuandika kwamba mauzo yamefanyika kwa dola kumi na mambo mengine yenye thamani. Nyumba ya dola laki tano, dola kumi na mambo mengine. Jumba la kifahari, dola kumi na mambo mengine. Wameficha bei, wametulia.

Lakini kuna kodi. Jimbo hutoza ushuru wa stempu kwa kila hati ya uhamisho, na kiwango chake kimeandikwa kwenye sheria: senti 70 kwa kila dola 100 za bei au sehemu yake (Miami-Dade wana kiwango chao). Kiasi kilicholipwa hugongwa kwenye hati. Kwa hiyo mwanasheria ameificha bei ndani, karani ameianika nje, na aliyefaulu darasa la tano anaweza kuifichua kwa kugawanya. Stempu ya dola 168 ni bei ya dola 24,000. Stempu ya dola 14 ni bei ya dola 2,000. Usiku alioelewa jambo hili mwandishi hakulala. Alikuwa mezani, chai imepoa, akigawanya kwa 0.70 mali za watu asiowajua.

Alianza na yake. Hati ya kwanza ya shemeji, kutoka kwa kampuni, ina stempu ya dola 129.50. Gawanya, zidisha: dola 18,500. Mara 52, maana chumba kina wiki 52, inakuwa dola 962,000 kwa chumba kimoja cha Kissimmee chenye zulia la kijani, chumba ambacho kikiuzwa kizima kwa mtu mmoja kisingekaribia bei hiyo hata kwa mbali. Kisha akafuata hati za majirani wa hoteli hiyo hiyo, wiki za jirani, miaka iliyofuata. Mwenye hati mmoja alimwuzia mwingine kwa stempu ya dola 14. Miaka kadhaa mbele, stempu ya dola 2.10, yaani dola 300. Kisha 0.70. Kisha 0.70. Ukurasa mzima wa 0.70. Hata hati iliyoingiza jina la mwandishi, akaikuta humo kwenye foleni, na 0.70 yake.

Na hapo utafiti uligonga sakafu, kwa maana halisi. Senti 70 ndiyo stempu ya chini kabisa. Aliyeuza kwa dola 100 analipa senti 70, aliyeuza kwa dola moja analipa senti 70, na aliyemlipa mnunuzi ili achukue naye analipa senti 70, kwa kuwa serikali ya Florida haina stempu ya bei iliyo chini ya sifuri. Nao hao wa mwisho wapo wengi. Matangazo yao ukiyasoma kwa makini yanasema: bei dola moja, muuzaji atalipa gharama zote za uhamisho, atalipa ada ya hoteli ya kubadilisha jina, na atalipa ada ya mwaka ujao. Jumlisha hizo, utakuta wiki imeuzwa kwa hasi dola 1,500 au zaidi. Kwenye kumbukumbu za kaunti inasomeka sawasawa na mali.

Mtafiti mwadilifu lazima pia achambue takataka kwenye takwimu zake. Baadhi ya hizo 0.70 ni baba kamgawia binti. Nyingine ni talaka: mume kabaki na nyumba, mke kasukumiwa Orlando, au kinyume chake. Nyingine zinatisha kidogo: kampuni moja ya mfukoni, ya jina ambalo halijasikika popote, imepokea wiki kwa makumi kutoka kwa wazee wa majimbo mbalimbali ndani ya muda mfupi. Huo ni mchezo unaojulikana. Mzee hulipa maelfu ya dola ili "aondolewe" kwenye taimushea. Wiki yake hupakiwa kwenye kampuni isiyo na ofisi wala akaunti. Kampuni hailipi ada hata siku moja. Hoteli hubaki inamdai kivuli, na wenye wiki waliobaki hugawana pengo. Wataalamu wa soko hilo wanaziita meli za Waviking, kwa vile hupakiwa maiti na kusukumwa baharini.

Kwa nini bei ianguke kiasi hicho, tena siku ile ile ya kutia saini? Jibu liko kwenye kifungua kinywa. Orlando hupokea wageni zaidi ya milioni 70 kwa mwaka, na sehemu yao hunaswa hotelini au barabarani kwa ahadi ya tiketi za nusu bei za viwanja vya burudani, mradi wahudhurie maelezo ya dakika 90. Dakika 90 huanza na mayai na soseji, huendelea na ziara ya chumba cha mfano chenye maua mabichi, huja muuzaji wa kwanza mwenye picha za watoto wake, huja wa pili mwenye kalamu, huja wa tatu mwenye uso wa msiba na bei ambayo ni ya leo tu. Gharama za kumleta huyo mgeni mezani na kumlipa kamisheni kila aliyemgusa zinaweza kumeza karibu nusu ya bei. Unaponunua kwa dola 18,500 umelipia soseji zako, na umelipia soseji za wale wote waliokula wakasema hapana. Kwa takwimu za chama cha wenye biashara wenyewe, ARDA, wastani wa bei mpya umepita dola 20,000. Mitumbani hakuna mayai wala soseji. Ni nadra benki kukopesha kwa ajili yake, wakati kampuni hukopesha palepale mezani kwa riba ya tarakimu mbili. Na mara nyingi haki nzuri nzuri, zile za kubadilisha wiki kuwa safari ya meli au usiku wa hoteli nyingine, hufa mali ikihama mikono.

Halafu ada. Hapa mwandishi huwa anapandwa na joto. Ada ya matengenezo hulipwa uende usiende, na kwa wastani imepita dola 1,000 kwa mwaka. Chukua dola 1,200 inayopanda asilimia 5 kila mwaka, kiwango ambacho si cha kutisha katika biashara hiyo: baada ya miaka kumi na minne na ushei imekuwa maradufu, na kwa miaka ishirini utakuwa umelipa karibu dola 40,000 kwa mali ambayo soko linaiita dola moja. Ni mchango wa harusi unaokusanywa kila Januari, kamati haivunjwi, na bibi harusi haonekani. Na ile Septemba, chumba hichohicho, kitanda hichohicho, mpita njia anaweza kukikodi kwenye intaneti wiki nzima kwa fedha pungufu ya ada ya mwenye hati.

Kwa hiyo bei ya mitumba inafanya hesabu ya kawaida kabisa: thamani ya kulala, toa ada za milele. Kinachobaki kikiwa chini ya sifuri, hiyo ndiyo bei. Soko halijaharibika hata kidogo. Ni moja ya masoko yenye akili timamu kuliko yote ambayo mwandishi amewahi kuyafuatilia, na anasema hivi kwa uchungu.

Kuna tofauti moja kubwa, nayo imemlaza macho usiku mwingine. Ni Disney. Klabu yao ya likizo ilianza mwaka 1991, na badala ya kuuza milele waliuza miaka: mikataba mingi ya hoteli yao ya kwanza inaisha tarehe 31 Januari 2042, ya Animal Kingdom inaisha 2057, ya Riviera 2070. Hiyo peke yake hubadilisha hesabu, maana mnunuzi wa mitumba anajua kitu kinakufa lini, anagawa bei ya pointi (Disney huuza pointi za kulala, si wiki) kwa miaka iliyobaki na kulinganisha. Pili, kampuni imejiwekea haki ya kwanza ya kununua: ukipata mteja, mkataba unapelekwa kwao, nao wakiona bei imelegea sana wanauchukua wao kwa bei ileile. Mteja wako anaachwa njiani, wewe unalipwa vilevile. Matokeo yake ni sakafu iliyoinuliwa, na wafuatiliaji hukaa wakipeleleza kwenye kumbukumbu za kaunti ya Orange ni mikataba ipi imechukuliwa na kwa stempu ya kiasi gani, ili wajue sakafu iko wapi mwezi huu. Watu wazima wenye kazi zao.

Hata Disney wameitia mitumba kilema. Kuanzia tarehe 19 Januari 2019, anayenunua mitumba ya hoteli zao za zamani haruhusiwi kutumia pointi zake Riviera wala hoteli za baadaye, na anayenunua mitumba ya Riviera hawezi kwenda kwingine kokote. Hata hivyo mitumba yao bado huuzwa kwa hela za kueleweka. Mswahili wa Texas anaweza leo kununua sehemu ya Jambo House, huko Animal Kingdom, ambako baadhi ya vyumba vinatazama uwanda uitwao Arusha wenye pundamilia na twiga, chini kuna mgahawa uitwao Boma na mwingine uitwao Jiko, na kila pointi itamtoka dola nyingi tu. Twiga wa Arusha wa Florida wameshika bei. Wiki ya 37 ya Kissimmee haijashika kitu.

Wenye wiki wa kisiwa cha Sanibel, upande wa pili wa Florida, walipata njia ya mkato ambayo hakuna anayeitamani. Kimbunga Ian kilipowapiga Septemba 2022, baadhi ya vilabu viliona kujenga upya hakulipi, vikavunja mfumo mzima wa wiki na kuuza ardhi ya ufukweni. Kissimmee, bahati mbaya, iko mbali na bahari.

Mikasa mingine ya mwandishi na wiki yake ni ya kupita tu. Aliitoa iwe zawadi ya bahati nasibu ya chama cha Waswahili. Tiketi ziliuzika vizuri mpaka zawadi ilipotangazwa. Alimgusia kinyozi wake. Kinyozi akawasha mashine. Alimwambia mwenye nyumba amkate kwenye kodi. Mwenye nyumba aliuliza kama kuna njia ya kumpandishia.

Mkasa wa simu, hata hivyo, haukumchekesha. Mara tu jina lake lilipoingia kwenye kumbukumbu za kaunti, zile zilizo wazi kwa kila mtu, ilianza kulia. Sauti nzuri, Kiingereza safi, habari njema: kampuni ya Meksiko ina mteja wa wiki ya 37, yuko tayari kutoa dola 26,000. Kinachohitajika ni kodi ya uhamisho tu, itumwe leo kwa benki, itarudishwa siku ya kufunga. Mwandishi, mwenye jedwali la 0.70 mbele yake, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatafuta asili ya sauti hiyo, kicheko kikakauka. Julai 2024 Wizara ya Fedha ya Marekani ilitoa onyo na vikwazo: nyuma ya simu hizo, hasa zinazolenga wenye taimushea za Meksiko, yapo magenge ya dawa za kulevya, yakiongozwa na lile la Jalisco, na Wamarekani wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kati ya 2019 na 2023. Aliyekwishaibiwa hupigiwa tena na anayejifanya mwanasheria, halafu na anayejifanya afisa wa serikali anayesaidia kurudisha fedha, kwa ada. Mwezi Mei 2023, huko Zapopan, vijana wanane waliofanya kazi kwenye kituo kimoja cha simu hizo waliuawa. Ile sauti nzuri inawezekana ilikuwa ya kijana aliyeogopa kuacha kazi.

Na huku Marekani kwenyewe, bila bunduki, wapo wa "kukutoa". Novemba 2022 Tume ya Biashara ya serikali kuu, FTC, ikishirikiana na jimbo la Wisconsin, iliwashtaki wahusika wa mtandao wa kampuni kutoka eneo la St. Louis ikisema wamewatoza watu, wengi wao wazee, zaidi ya dola milioni 90 kwa ahadi ya kuwaondoa kwenye mikataba yao. Kwa hiyo mtu hulipa kuingia, hulipa kukaa, hulipa kutoka, na hulipa kumtafuta aliyemtoza alipokuwa anatoka. Wote watatu wa mwanzo wameajiri watu wanaosema "nakuelewa kabisa".

Sheria haikulala moja kwa moja. Florida humpa mnunuzi siku kumi za kufuta mkataba bila sababu, na hawezi kuzisamehe hata akitaka. Nevada humpa tano, Umoja wa Ulaya humpa kumi na nne. Lakini siku hizo kumi huisha mnunuzi akiwa bado likizoni, kijitabu cha haki zake kikiwa chini ya mkoba pamoja na tiketi za nusu bei, na hakuna karatasi hata moja kati ya zile anazotia saini inayolazimika kumwonyesha bei ya mitumba ya chumba hichohicho. Bei ipo. Serikali inayo, imeigonga mihuri kwenye pembe za karatasi elfu na elfu, umbali wa dakika chache kwa gari kutoka chumba cha soseji. Muuza mayai wa Kariakoo anatakiwa kujua bei ya jirani yake ndipo auze. Hapa watu walioahidiwa dakika 90 wamekaa mezani kwa muda wa saa nne na hakuna aliyeruhusiwa kuitaja. Hispania ilikwenda mbali zaidi: sheria ya 1998 iliweka ukomo wa miaka 50, na mwaka 2015 Mahakama yao ya Juu ikabatilisha mkataba wa milele, jambo lililowafungulia wenzao wengi mlango. Florida bado inauza mpaka wajukuu.

Siku hizi baadhi ya kampuni, hasa baada ya kelele nyingi, hukubali kurudishiwa hati bure, mradi mkopo umekwisha na ada haidaiwi. Hoteli ya mwandishi nayo ina fomu hiyo. Ameijaza. Masharti ni kwamba ada ya mwaka ujao ilipwe kwanza, na kwamba wamiliki wote walio kwenye hati watie saini mbele ya ofisa mwenye muhuri. Mmiliki mmoja yuko Tanga. Itambidi apande basi mpaka Ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, ambako muhuri mmoja ni dola 50, yaani bei ya wiki hamsini za eBay.

Mwandishi alimtumia fomu shemeji yake jana. Jibu limekuja asubuhi kwa ujumbe wa sauti, jogoo akiwika nyuma. Atasaini, hana shida. Ila anauliza kama Septemba hii pale Orlando kuna mtu amepanga kwenda, maana visa yake imetoka, na anakuja na familia.